Shokapu za Mwalimu

Shokapu za gari jipya hazifi kwa miezi minne. Zikifa, kuna mtu kazikosea, na pale karakana kwetu mtu huyo siku zote huwa ni mteja. Bosi wetu, tuliyemwita Mihuri kwa jinsi alivyopenda kuigonga, alikuwa na sentensi yake tayari: "Matumizi mabaya, waranti haihusiki." Paap!

Mteja wa siku ile alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu. Maisha yake yote alipanda magari ya watu, na alipostaafu akajinunulia gari la mwendo kasi, jekundu, la milango miwili. Majirani walicheka mpaka mbavu zikawauma. Yeye aliendesha. Lakini tangu wiki ya kwanza gari lilimrusha kwenye kila tuta. Alilileta mara mbili, na mara zote mbili fundi mwenzangu alizunguka nalo kidogo, akaandika: "Kawaida kwa gari la aina hii." Safari hii shokapu zote mbili za mbele zilikuwa zinavuja mafuta.

Alikuja na binti yake mkubwa. Funguo alizishika binti.

"Dada fundi," binti aliniambia, "niambie ukweli tu. Baba anagonga matuta, sivyo? Macho yamechoka. Juzi nilikaa naye, kila shimo letu. Ukiandika ni uendeshaji wake, gari nauza na haendeshi tena. Sitaki kumzika kwa sababu ya ubishi."

Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na hofu. Baba yake alisikia yote, akajifanya anasoma bei za matairi ukutani.

Nikalipandisha gari juu, nikatoa gurudumu la kulia. Ndani ya springi kulikuwa na kipande cha mpira mweusi, kigumu, kama ngumi ya mtoto. Gari likisafirishwa huwekewa vipande vinne vya namna hiyo ili lisiyumbe njiani, na fundi huvitoa kabla ya kumkabidhi mteja. Vikibaki, springi hazinesi, na kipigo chote kinaishia kwenye shokapu. Nikafungua kushoto. Cha pili hiki hapa.

Nilikwenda kufungua faili huku nikijua nitakachokuta. "Vipande vinne vimetolewa," na chini yake sahihi yangu, yenye mkia mrefu wa maringo. Siku ya kulikabidhi gari nilitoa vya nyuma, nikaitwa kupokea mzigo wa vipuri, nikarudi na kusaini. Nilijichukia.

Mihuri aliiangalia mipira mkononi mwangu, akashusha sauti. "Tupa hiyo. Andika matumizi mabaya. Mzee mwenyewe ameshakubali."

"Amekubali nini?"

"Kasema labda kweli ni yeye."

Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawa ya moto, na nusu yake nilijikasirikia mwenyewe. Mtu kafundisha hesabu miaka thelathini na tano, leo nimemfanya asiyaamini macho yake! Nikatoka na mipira, nikaiweka mezani mbele yao.

"Mwalimu, si wewe. Ni mimi. Vipande hivi nilitakiwa kuvitoa kabla hujapewa gari, nikasahau, nikasaini kwamba nimevitoa."

Binti alimgeukia baba yake. Nilidhani mzee atafurahi au atanitukana. Alivuta kiti akakaa.

"Miezi minne," alisema. "Miezi minne, mwanangu, kila asubuhi najipima macho kwa kalenda ya sebuleni."

Sikuwa na pa kuuweka uso wangu.

Nilipewa barua ya onyo siku hiyohiyo. Kesho yake nilifunga shokapu mpya, na jioni wakaja kulichukua gari. Binti alimpa baba yake funguo. Mwalimu akamrudishia.

"Endesha wewe."

Binti akaficha mikono nyuma. "Baba, naomba."

Mwalimu akanigeukia. "Fundi, panda. Kama kuna kingine ulichosahau, kitupate sote."

Nikapanda, nikafunga mkanda. Tuta la kwanza Mwalimu alilikaribia taratibu mno, mpaka waliokuwa nyuma wakatupigia honi. La pili hivyohivyo.

"Limekuwa laini," alisema. Lakini mikono yake haikulegea kwenye usukani, na barabara nzima hakuvuka spidi thelathini.