Vidaka vya Mama Mkwe

Kidaka cha tatu kilianguka kabla chai ya Marselino haijapoa. Kilikuwa nazi changa ndogo kama yai la bata, yenye kovu jeusi ubavuni. Alikiokota upesi, akakitupa kichakani kabla mwenye minazi hajatoka nje.

Mwenye minazi alikuwa mama mkwe wake, Bi Eufrazia, mjane aliyeishi ng'ambo ya ua wa makuti pale Mbagala. Mwaka ule wa sabini na nne, watu walipopanga foleni ya unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, minazi yake tisa ndiyo iliyomlisha na kumwezesha kulala chini ya paa lake mwenyewe badala ya kwa mkwewe. Kwao kusini, mama mkwe hakai nyumba moja na mume wa bintiye. Hawatazamani usoni wala hawasemezani. Neno likiwapo, hupitia kwa binti. Miaka sita Marselino alimkwelea minazi yake, na hakuwahi kuambiwa naye hata neno moja.

Shida ilikuwa majimoto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa nyumba. Kila akikwea walimuuma mpaka kwapani, akashuka akijikuna huku majirani wakimcheka. Basi mwezi wa tatu alipata unga wa DDT, akawanyunyizia mnazi baada ya mnazi, wakapukutika wote. Maskini, alijiona mkwe wa kupigiwa mfano.

Asubuhi hiyo bwana shamba, Apolinari, alikuja akapasua kidaka kwa kisu. Akamwonyesha mahali alipofyonza mdudu mdogo wa kahawia. Marselino akauliza mdudu huyo katoka wapi.

"Alikuwapo siku zote," alisema Apolinari. "Majimoto walikuwa wanamla. Mnazi uliwapa nyumba, nao wakaulinda. Umewaua walinzi, ndugu yangu."

Akaongeza kwamba wangeweza kurudishwa, viota vikihamishwa kutoka shamba la jirani, lakini nazi za kuvuna zingechukua mwaka mzima, pengine zaidi.

Mchana Yustina, mkewe, alikiri huku akilia. Mama yake alikuwa amemtuma tangu mwezi ule wa tatu: mwambie mumeo asiwaguse majimoto. Aliona haya kumpelekea mumewe karipio la mkwewe, naye alivyokuwa na furaha. Marselino hakumfokea. Angeanzia wapi, na yeye mwenyewe hakuuliza mtu?

Wiki tatu alibeba viota ndani ya gunia, akaumwa mpaka kope zikavimba. Vidaka viliendelea kuanguka, na ng'ambo ya ua hapakuwa tena na nazi ya kuuza wala pesa ya unga.

Asubuhi moja, Yustina akiwa kwenye foleni ya unga, Bi Eufrazia alisimama mlangoni kwao na mkeka kwapani na sufuria mkononi. Marselino akainamisha kichwa, akageukia ukuta kama ilivyowapasa, akangoja apite zake. Hakupita.

"Marselino," alisema mama yule. "Nilale upande gani?"

Akageuka, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. Alikuwa mzee kuliko alivyomdhania.