Ukuta wa Maranda

Harufu ilimpokea fundi Liberatus Kalinga mlangoni kabla ya salamu. Chumba kilinuka mbwa aliyelowa.

Ukuta ule aliujenga mwenyewe mwezi wa tatu, mwaka 1956, na Mafinga nzima ilikuja kuushangaa: mbao nje, mbao ndani, katikati kashindilia maranda, yale mabaki ya kupiga randa, ili baridi ya Juni isimguse Mwantumu, mke wa Muharami mwenye duka, atakapojifungua. Padri wa misheni naye alikwisha kumwahidi fundi kazi ya kujenga bweni zima la shule vivyo hivyo.

Sasa mtoto alikuwa na siku ishirini, na kifua kinamkoroma. Mwantumu alikuwa nyuma ya pazia akimbembeleza. Mama yake Mwantumu, Bibie, aliyetoka Tanga kuja kumkanda mzazi, alisimama kiuno kashika.

"Tazama ukuta wako, fundi. Una hatari au hauna?"

Madoa meusi yalikuwa yametambaa hadi kwenye dari. Matundu ya hewa yamezibwa matambara, na jikoni sufuria la maji ya kukandia linatokota. Liberatus akapata pa kuponea.

"Mmeziba matundu, mama. Mvuke upite wapi? Fungueni, mpake chokaa, yaishe."

"Bandua ubao tuone."

Alijikuna, akababaika, akabandua. Bonge la maranda likamdondokea mikononi, jeusi, limeota manyoya ya kijani, linateleza kama kamasi. Akaliminya, maji yakachuruzika hadi kwenye kiwiko. Akatema mate, akatema tena. Lo, uchafu gani huu! Mvuke wa siku ishirini usingeyalowesha hadi kwenye kiini. Yeye ndiye aliyeyazoa kwenye kiwanda cha mbao yakiwa mabichi, mvua inanyesha, kwa pupa ya sifa. Alijionea kinyaa kuliko alivyolionea lile bonge.

"Kosa langu, mama," alisema. "Niliyajaza mabichi. Hata matundu yakifunguliwa hayatakauka. Mtoeni mtoto leo hii."

"Arobaini bado. Tumpeleke wapi penye joto?"

"Kwangu. Tekla, mke wangu, ana moto kutwa."

"Na kwako nako umejaza maranda?"

"Hapana, mama. Udongo mtupu."

"Kumbe!" alisema Bibie. "Wanao uliwalaza kwenye udongo."

Mwantumu akatoka nyuma ya pazia na mtoto amemfunika gubigubi. Liberatus alikuwa bado kashika lile bonge, maji yakimdondokea miguuni. Mwantumu akampita bila salamu, ameziba pua.