Garaji ya Mzee Twahiru

Mzee Twahiru alikuwa fundi wa magari huko Ngagara hadi magoti yalipomshinda. Baada ya hapo, yeye na wazee wenzake walitafuta mahali pa kukaa pamoja mchana wasipapate. Mkahawani walionekana wanajaza viti bure, na ukumbi wa mtaa ulikuwa wa harusi tu.

"Tukutane kwangu, kwenye garaji," akawaambia.

Mkewe, Fatouma, hakupendezwa. "Mafuta yote yale? Na lile shimo, watu waanguke?"

Twahiru alisugua sakafu kwa sabuni mpaka weusi ukatoka. Shimo ambalo alikuwa akiingia kutengeneza magari kwa chini, akalifunika kwa mbao nene na kuzipigilia misumari mwenyewe.

Siku ya ufunguzi alikuja Mama Nsimire, mjane kutoka Bukavu, ambaye tangu msiba alikuwa hatoki nyumbani. Alipoziona mbao akasita. Twahiru akasimama juu ya mbao hizo, akazikanyaga kwa nguvu.

"Apana ogopa, mama. Hata lori inapita hapa."

Nsimire akacheka, akavuka, akaketi. Fatouma akammiminia chai.

"Ni bwana yangu alitengeneza hapa," akamwambia, na akamwambia vivyo hivyo kila aliyeingia baadaye.