Maktaba Iliyotangulia Kupatikana

Mtoto wa Walter alizaliwa kabla ya miezi yake kutimia, mwembamba, ngozi yake ikiangaza kama karatasi iliyopakwa mafuta. Hata hivyo ukoo haukubabaika sana. Kliniki ya Daktari Persis pale Masimba ilikuwa na sanduku la joto la kulelea watoto njiti, na programu iliyoliendesha sanduku hilo ilikuwa kazi ya Benter, dada yake Walter.

"Mwanangu yuko mikononi mwa shangazi yake," Walter alimwambia kwa simu kutoka Kisumu, alikokuwa akingoja ruhusa ya mwajiri wake. Benter alicheka.

Alikuwa mzaliwa wa Mbita, ila kazi ilikuwa imempeleka Keroka, kwenye karakana ya Ogeto. Ogeto aliunda masanduku, Benter akaandika programu, na mwenzao Dancun akazunguka kuyafunga na kuyakarabati. Mpaka siku hiyo walikuwa wameyauza mawili tu, moja Masimba na jingine Kenyenya. Wiki chache kabla mtoto hajazaliwa, Dancun alikuwa amebadilisha vihisi joto katika masanduku yote mawili, kwa kuwa vya kwanza vilikuwa vikiharibika ovyo, akaweka na programu mpya ya kuvisoma.

Benter alifika kliniki asubuhi akiwa na chupa ya uji. Wifi yake Pam, mama wa mtoto, alikuwa kwenye kiti kando ya sanduku, macho yamevimba kwa uchovu.

"Wifi, karibu. Amelala tangu alfajiri. Hata kulia halii."

Benter alitazama skrini. Joto la mtoto: 36.5. Alinawa mikono, akafungua kidirisha cha pembeni, akaingiza mkono amguse mpwa wake kwa mara ya kwanza.

Akautoa upesi. Akauingiza tena, akaweka vidole juu ya tumbo la mtoto. Mtoto alikuwa wa moto kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi.

"Sista Edinah," aliita. "Njoo umpime huyu mtoto kwa kipimajoto cha mkono."

Muuguzi alitupia jicho skrini. "Nimemwangalia muda si mrefu. Iko sawa."

"Usiangalie hiyo. Mpime."

Kipimajoto kilisoma zaidi ya thelathini na tisa. Edinah alizima joto la sanduku, akamtoa mtoto, akamvua kofia na soksi, akamtuma mhudumu amwite Daktari Persis. Pam alisimama akaketi, akasimama tena, mikono yake ikipapasa hewa.

Benter alibaki mbele ya skrini. Joto lilikuwa limezimwa, lakini kompyuta ya sanduku bado ilikuwa ikifanya kazi, nayo iling'ang'ania namba za uongo kwa utulivu uleule. Programu ile aliijaribu mwenyewe karakanani, wala haikukosea hata nukta.

Alitoa kompyuta yake ya mkononi, akaiunganisha na ya sanduku. Alijua mahali pa kutazama. Programu yake haikubeba maarifa yote tumboni. Kazi ya kugeuza ishara za kihisi kuwa namba za joto ilikaa katika faili nyingine, aina ambayo waandishi wa programu huiita maktaba, na programu iliitafuta na kuipakia kila ilipowashwa. Iliitafuta kwa jina tu. Ilianzia kwenye folda yake yenyewe, kisha ikaenda kwenye folda ya pamoja, na iliyotangulia kupatikana ndiyo iliyotumika.

Benter aliiuliza programu iliyokuwa ikifanya kazi: umepakia maktaba ipi? Jibu likaja kwa mstari mmoja. Ilikuwa ya zamani, ya vihisi vilivyong'olewa, iliyobaki kwenye folda ya programu yenyewe. Ile mpya ilikuwa kwenye folda ya pamoja, haijaguswa. Maktaba ya zamani ilikisoma kihisi kipya chini ya joto halisi, na sanduku, likidhani mtoto anaona baridi, likazidi kupasha.

Alimpigia Dancun.

"Ulipoweka programu mpya hapa Masimba, ulifuta faili za zamani?"

"Sikufuta. Ile maktaba mpya niliiweka kwenye folda ya pamoja. Si jina ni lilelile? Kwani kuna shida?"

"Na Kenyenya?"

"Nilifanya hivyohivyo," alisema Dancun.

Benter alikata simu, akapiga Kenyenya. Nyanchera, muuguzi wa huko, alipokea.

"Sista, kama kuna mtoto kwenye sanduku, mtoe sasa hivi. Tafadhali."

"Sanduku ni tupu," Nyanchera alijibu. "Tulikuwa na mmoja. Mama yake amekataa katakata, anasema mtoto wake si mkate wa kuokwa. Tangu jana amemfunga kifuani. Kuna nini?"

Benter alimweleza, akamwomba asiliwashe sanduku.

Kufikia adhuhuri joto la mtoto lilikuwa limeshuka, akanyonya matone machache. Daktari Persis alimpima mara kwa mara kwa mkono, kisha akamgeukia Benter.

"Sanduku lako halitawaka tena hapa mpaka nione likikataa kufanya kazi linapokosea."

"Ndiyo, Daktari. Nitailazimisha programu itaje maktaba kwa njia yake kamili, yaani folda iliyomo, na toleo lake. Isipoipata hiyo, isiwashe chochote, ipige king'ora."

Pam alikuwa amesikia yote. Mtoto alikuwa kifuani pake, ndani ya leso.

"Wifi, ni ile programu uliyoandika wewe?"

"Ni ile niliyoandika mimi."

Pam alimtazama bila hasira na bila huruma, kama mtu anayemwona mgeni mlangoni.

"Mpigie Walter," alisema. "Mwambie wewe mwenyewe. Mimi sina nguvu."

Benter alitoka uani, akakaa kwenye ngazi karibu na tangi la maji. Simu ilipoanza kuita Kisumu, aligundua kuwa hajui ataanzia wapi. Walter akapokea, sauti imejaa furaha.

"Shangazi mtu," alisema. "Umemwona?"