Damu ya Mwasha Moto

Faili lile Editha hakupaswa kulifungua. Katika utafiti wao majina yalifichwa nyuma ya namba, hata mchambuzi asijue damu ni ya nani. Lakini kwa miaka minne aliitafuta damu ya mtu mmoja, na sasa alijua: namba kumi na saba ni Mzee Abubakari, mwasha moto wa miwa wa Kidodi.

Miwa huchomwa kabla ya kukatwa, majani yaungue na nyoka wakimbie. Hakuna anayeingia shambani hadi Abubakari autazame upepo na kuruhusu. Siku moja, miaka minne iliyopita, aliwasha huku upepo ukielekea nyumbani kwa kina Editha. Mama yake, Magreti, mgonjwa wa pumu, hakuimaliza wiki. Abubakari alikuja msibani, akala ubwabwa.

Moshi haubadili maandishi ya vinasaba. Hubandika juu yake vialama vinavyoweza kuinyamazisha jeni. Editha alichukua damu ya wakata miwa hamsini na wanane kabla ya msimu wa kuchoma, pamoja na ya wakulima wa Kilangali, mbali na moshi huo. Leo ilikuwa zamu ya pili, baada ya msimu. Vialama vikiongezeka Kidodi peke yake, halmashauri ya Kilosa ingeombwa ipige marufuku moto karibu na makazi. Bila damu ya pili, hakuna cha kulinganisha.

Abubakari alikuwa wa kwanza kwenye foleni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Sindano hiyo ni ya kutoa damu au ya kuchinjia?"

Wakata miwa wakacheka.

"Majibu ya damu yako ya kwanza yapo," alisema Editha. "Moshi umekuandika kila mahali. Sijaona damu kama hiyo."

"Ndiyo kusema nakufa?"

Kipimo kile kililinganisha makundi. Hakikuweza kumtabiria mtu mmoja kifo. Sentensi moja ingetosha kumtuliza. Editha akaanza kufunga kifuniko cha chupa, taratibu, akimwacha asubiri pumzi kama mama alivyoisubiri.

Abubakari akateremsha mkono wa shati. Akawaambia wenzake kwa Kividunda kwamba hapa pana hatari. Wakamfuata, kama walivyomfuata mashambani siku zote. Hadi saa sita walikuwa wametoa damu watu tisa tu.

"Umemwambia nini?" aliuliza Lightness, muuguzi aliyetoka naye Mikumi.

"Ukweli."

"Ukweli gani huo unaokimbiza watu, dada?"

Alasiri Editha alimkuta Abubakari kwake, ameketi, chakula hakijaguswa. Alifurahi kukiona chakula kile, na furaha hiyo ikamtisha.

"Kipimo hakijui utakufa lini, mzee. Nilinyamaza makusudi, kwa sababu ya mama. Siku ile ulijua upepo unakoelekea?"



"Nilijua. Malori ya miwa yalikuwa yanasubiri."

Editha alikuwa amejiandaa kusikia akikana.

"Nahitaji watu wako kesho."

"Nitawaleta. Lakini utasimama mbele yao useme ulinitisha bure, na kwa nini."

"Nitaanza na kwa nini," alisema Editha.

Abubakari akalisogeza mbali sinia la chakula. "Anza nayo," alisema. "Na mimi nitakuwepo."