Kitufe Kilichomwaga Damu

Kofi la kwanza lilipigwa Riyadh, katika ofisi ya mawakili, na aliyepigwa alikuwa Nawaf.

Elphas Wafula alikuwa amesimama mlangoni, koti la bosi wake mkononi. Tangu atoke Bungoma alikuwa dereva wa Talal, na safari ile alikuwa amemwendesha kutoka Jeddah kuja kusikiliza kesi. Hakutarajia kuona wanaume wazima, kanzu nyeupe zimenyooshwa pasi, wakirukiana juu ya meza ya kioo.

Talal na Nawaf walikuwa mashemeji. Talal alikuwa amemwoa Hessa, dada yake Nawaf. Wawili hao walifungua pamoja duka la mtandaoni la manukato na abaya, wakati watu wengi walikuwa bado wanaogopa kununua kitu wasichokishika. Nawaf ndiye aliyeandika programu. Duka lilipoanza kuingiza faida wakakosana, Nawaf akarudi Riyadh, Talal akabaki na duka Jeddah. Kisha Nawaf akaomba hataza, ile haki ya kisheria inayomfanya mbunifu awe mwenye kitu peke yake. Alidai kitufe cha kununua kwa kugusa mara moja ni chake. Anwani ya mteja iko tayari, kadi iko tayari, unagusa tu, halas, basi, mzigo unakuja. Alidai na kikapu, ile picha ndogo ambamo mteja anaweka vitu kabla ya kulipa. Sasa alitaka Talal aondoe vyote viwili au afunge duka.

"Kikapu!" Talal alifoka. "Kila duka duniani lina kikapu! Kesho utasema ulibuni mlango!"

"Mlango sikuubuni," Nawaf alijibu bila kupandisha sauti. "Kitufe nilikibuni mimi, wewe ukiwa umelala. Muulize mkeo. Yeye ndiye aliyekuwa akiniletea chai."

Hapo ndipo kofi lilipotua. Nawaf aliyumba, akashika jagi la maji lililokuwa mezani, akalipasua kwenye kichwa cha Talal. Mawakili wakakimbilia ukutani. Elphas alidondosha koti, akamkumbatia bosi wake kwa nyuma na kumvuta, huku damu ikichuruzika kwenye kitambaa cha kichwani na kumlowesha Elphas mikononi.

"Nitakuja Jeddah," Nawaf alisema, akihema. "Na sitakuja na wakili."

Njiani kurudi Talal aliketi kiti cha nyuma, kichwa kimefungwa bendeji. Walipokuwa jangwani, pasipo kitu ila barabara na nyaya za umeme, aliuliza, "Elphas, kwenu shemeji akikuibia ng'ombe, mnafanya nini?"

"Tunaenda kwa chifu, bosi."

"Na chifu akiwa upande wake?"

Elphas aliendelea kutazama barabara. Alijua jibu. Nyumba ya baba yake mdogo ilichomwa moto kwa sababu ya mpaka wa shamba, na watu walikuwa ndani. "Hapo ndipo watu wanapoharibikiwa, bosi," akasema.

Talal aliguna.

Nyumba ya Talal ilikuwa mtaa wa Al-Hamra, Jeddah, na stoo ya duka ilikuwa chini, kwenye vyumba vya mbele. Selipher, Mkenya mwenzake Elphas kutoka Siaya, alikuwa mfanyakazi wa ndani. Mkataba wake ulisema kupika na kufagia, lakini mchana mzima alikuwa akifunga vifurushi. Alikuwa akibandika utepe wa gundi alipomwona Elphas akiweka nondo ya chuma nyuma ya mlango wa stoo.

"Hiyo ni ya nini?"

"Bosi amesema iwe karibu. Nawaf akija nisimame hapa."

"Wewe ulikuja huku kuendesha gari ama kupigana?"

"Dada, nimeambiwa. Nifanye nini?"

"Bosi ni kafili wako, mdhamini tu; ana ikama yako ya kukaa huku, Elphas. Mwili wako hajaununua." Alikata utepe kwa meno. "Hao ni mtu na shemeji yake. Watapatana kesho, na wewe utakuwa umezikwa."

Nawaf alikuja Ijumaa, watu wakiwa msikitini na barabara ikiwa tupu. Aliteremka na wanaume watatu waliobeba marungu ya chuma. Elphas alikuwa mlangoni. Aliiona nondo pale ilipoegemea, akaiacha. Aliinua mikono yote miwili.

"Bwana Nawaf, tafadhali. Madam yuko ndani. Dada yako yuko ndani."

"Toka, yalla!"

"Ngoja nimwite bosi mzungumze—"

Rungu lilimpata mkono wa kushoto, juu ya kiwiko. Aliusikia mfupa kabla ya kuusikia uchungu. La pili lilimwangusha magotini, na teke likamgeuza chali. Wale watu wakamruka kama kizingiti.

Walianza na kompyuta. Kisha wakageukia rafu, na manukato yakaanguka safu kwa safu, chupa zikapasuka, sakafu ikafurika udi na waridi mpaka mtu akashindwa kuvuta pumzi. Selipher alijibanza nyuma ya maboksi. Mmoja wao alipomvuta nywele, Selipher alimpiga usoni kwa kile chuma cha kushikia utepe, tena na tena, mpaka yule mtu akamwachia na kujishika pua iliyovunjika.

Talal alishuka ngazi akipiga kelele. Mkononi alikuwa na kile kisu kipana cha kufungulia mizigo inayotoka bandarini. Nawaf alimwona, akaokota nondo nyuma ya mlango. Wakazungukana juu ya vioo.

"Kifute! Kifute kitufe changu mbele ya macho yangu!"

"Nitakufuta wewe!"

Hessa alikuja mbio, miguu peku, akikanyaga vioo bila kuangalia. Alimjia kaka yake kwanza, akaishika nondo kwa mikono miwili na kuikazania, mgongo wake kwa mumewe. Nawaf akaivuta. Hessa akageuka nayo, na wakati huohuo Talal alikuwa amesharusha mkono.

Kisu kilimwingia chini ya mbavu.

"Talal," alisema, kwa sauti ileile ya kumwita aje kula. Kisha akakaa chini.

Watu wa Nawaf walikuwa wa kwanza kukimbia. Nawaf alitupa nondo, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta, akaanza kulia kwa sauti. Talal alibaki ameshika kisu, akikitazama.

Selipher alirarua karatasi ya abaya mpya, akaikunja abaya yenyewe na kuikandamiza kwenye jeraha. "Elphas! Amka! Gari!"

Elphas aliendesha kwa mkono mmoja. Mwingine ulimlalia mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Kila alipokata kona alipiga yowe, na nyuma Selipher alikuwa akimsemesha madam kwa Kijaluo, lugha ambayo madam hakuijua hata neno.

Hospitalini walimpokea Hessa wakamkimbiza ndani. Elphas alikuwa bado anasubiri kufungwa mkono Talal alipofika. Alikuwa amebadilisha kanzu. Alimshika shingoni, akamsukuma mpaka ukutani.

"Sikiliza. Kisu kilikuwa mkononi mwako. Ulikuwa unanitetea, ukateleza. Ajali. Nitakutoa."

"Bosi, hapana."

"Mimi ndiye kafili wako!"

"Mafi, hakuna, bosi. Kisu sikukishika."

Talal aliukamata ule mkono uliovunjika, akauminya. Elphas aliona giza. Alianguka, lakini hakusema alichotakiwa kusema. Polisi walipokuja, Talal alisema kwa niaba yake. Elphas alipelekwa mahabusu akiwa na plasta mbichi, na huko hakuna aliyekuwa na haraka ya kumsikiliza.

Selipher alinyang'anywa simu. Kwa kuwa madam alihitaji mtu wa kumwogesha na kumgeuza, Talal alimrudisha hospitalini, akamwonya mlangoni, "Ukifungua mdomo, utamfuata mwenzako."

Siku Hessa alipopata nguvu ya kuzungumza, aliuliza nani alimleta hospitalini.

"Elphas, madam."

"Yuko wapi? Nataka kumshukuru."

Selipher alitazama mlango. Talal alikuwa nje akizungumza na simu. Akainama karibu na mto. "Amefungwa, madam. Bosi amesema ni Elphas aliyekuchoma."

Hessa alifumba macho. Kisha akasema, "Niletee muuguzi. Mwambie nataka polisi, na mume wangu asiingie."

Talal alijaribu kuingia. Alimrukia Selipher, akampiga ngumi ya mdomo iliyomng'oa jino, kabla walinzi hawajamlaza chini kifudifudi. Hessa aliyaona yote kutoka kitandani. Polisi walipofika aliwaeleza kila kitu: kisu cha mumewe, nondo ya kaka yake, na dereva aliyeinua mikono mitupu.

Elphas alitoka, Talal akaingia. Nawaf naye alishtakiwa kwa uvamizi. Miezi kadhaa baadaye maombi yake ya hataza yalikataliwa Riyadh. Waamuzi walisema vitu hivyo vilikuwa vinatumika katika maduka mengi kabla hajaandika lolote. Hessa, ambaye alikuwa ameshaomba talaka, aliposikia alicheka kidogo, kisha akashika ubavu uliokuwa bado unamuuma.

Alilifungua duka upya kwa jina lake na kumtaka Elphas abaki.

"Samahani, madam," Elphas alisema. "Mkono haukunjiki vizuri. Na nikisikia chupa ikigonga chupa, natetemeka. Nataka kwetu."

Hessa hakumbishia. Alimtafutia ruhusa ya kutoka.

Asubuhi ya safari Selipher alimsindikiza mpaka getini, akiongea huku ameziba pengo kwa kiganja.

"Twende basi, dada," Elphas alimwambia. "Hapa unabakia kufanya nini?"

"Watoto wangu wako shule. Na huyu mama hana mtu mwingine."

"Bwanake alikupiga."

"Bwanake. Mama mwenyewe alininusuru." Alimwekea begi kwenye teksi, kwa sababu Elphas hakuweza kuliinua kwa ule mkono. "Ukifika, wapigie watu wa kwetu. Hilo jino usiwaambie."

"Niwaambie nini?"

Selipher alimfungulia mlango wa teksi. "Waambie niko hai," akasema, akageuka kurudi ndani.