Upepo wa Kihambani

Anaeli alikuwa kihambani kwa mama yake, katika shamba la migomba linalozunguka nyumba, kikombe cha chai mkononi, aliposikia chuma kikilia kule kilimani. Majani ya migomba yalikuwa yametulia tuli. Akainua macho.

Mapanga ya mtambo wa upepo yalikuwa yanazunguka, na mdogo wake Denis alikuwa huko huko mnarani, anakaza nati chini yake tu.

Tena yeye ndiye aliyempandisha. Asubuhi alifungua kompyuta, akasoma kasi ya upepo iliyokadiriwa na hesabu zake, akamwambia, "Panda, leo upepo ni mdogo, breki itatosha kuyazuia mapanga." Na Denis, ambaye dada yake akisema mvua ni jua atatafuta kofia, akapanda.

Akatupa kikombe, akakimbia. Alipotoka tu kwenye migomba, upepo ukampiga nusura umwangushe. Hapo akaelewa, na heri asingeelewa. Kipima upepo walikiweka mwaka mzima kihambani, karibu na kaburi la baba, kwa sababu mama alisema mali ya nyumbani hulindwa nyumbani, kilimani kingeibiwa. Nani wa kumbishia mama? Anaeli akajidanganya kwamba akiongeza kidogo kwa ajili ya urefu wa mnara, mambo yatakuwa sawa. Sawa wapi! Hesabu zile zote, za masika na kiangazi, za asubuhi na jioni, ziliujua upepo uliokwisha kuchujwa na migomba. Huu wa juu hazikuwahi kukutana nao.

"Denis, shuka!"

Upepo ukaimeza sauti. Denis alikuwa ameukumbatia mnara kwa mikono miwili, na kila panga lilipopita juu ya kichwa chake, Anaeli alifumba macho, kisha akaogopa kuyafumbua. Akaanza Baba Yetu, ikampotea katikati, akaanza upya.

Upepo ukalegea kidogo. Denis akateremka, akatua chini ametapakaa grisi, anacheka.

"Umeona, dada? Breki imekatika, na bado sina hata mchubuko. Hesabu zako ni kiboko."

Anaeli akamshika mabega, akamkagua kichwa hadi miguu.

"Nati mbili zimebaki," Denis akasema, mkono mmoja umeshashika ngazi. "Wewe niambie tu upepo utatulia saa ngapi. Mimi nakusikiliza wewe."

Anaeli akamkamata mkono ule, akaubandua kwenye ngazi kidole kwa kidole.

"Usinisikilize," akasema. "Denis, mdogo wangu, usinisikilize mimi."